Picha za Ndege Zetu Zisipimwe kwa Jua la Ulaya

Upepo ukilazimisha ndege kutua Dar es Salaam zikitokea upande wa bahari, Upanga ndiyo inayopitiwa. Ghorofa za huko ziko kilomita 10 hivi kutoka njia ya kurukia ya Uwanja wa Julius Nyerere, na ndege inayoshuka kwa nyuzi 3 hapo huwa imebakiza kimo cha mita 500 hivi. Aliye juu ya paa na kamera yenye lenzi ndefu anampata hadi twiga aliyechorwa mkiani mwa ndege ya Air Tanzania. Kazi inaanza baada ya hapo: picha inatumwa kwenye hifadhi ya kimataifa, inakaa foleni, kisha inarudi imekataliwa.

Hifadhi zinazoheshimiwa na wapenzi wa ndege ni Airliners.net, iliyoasisiwa Sweden katika miaka ya 1990, na JetPhotos, ambayo picha zake ndizo zinazojitokeza mtu anapogusa alama ya ndege kwenye Flightradar24, programu ya kufuatilia safari za ndege. Kila picha hupitiwa na wahakiki wanaojitolea. Upeo ukiinama kidogo, haipiti. Nukta ya vumbi angani, haipiti. Haina ukali, au imetiwa ukali kupita kiasi hadi kingo za bawa zimefanya meno, haipiti. Sababu huandikwa kwa maneno machache, na mpigapicha anaruhusiwa kukata rufaa.

Ukali huo una faida kubwa. Ndio uliozifanya hifadhi hizi ziaminike, na vijana wengi wamejifunza kamera kwa kukataliwa. Anayetaka uhakiki ufutwe anataka jalala.

Lakini vipimo vyenyewe vinamfaa zaidi mtu aliyesimama penye jua la pembeni na hewa ya baridi. Schiphol, Amsterdam, kuna sehemu ya watazamaji kando ya njia ya Polderbaan. Manchester kuna bustani nzima ya watazamaji, na Concorde imehifadhiwa humo. Dar es Salaam jua la mchana husimama utosini karibu mwaka mzima: mgongo wa ndege unawaka mweupe, tumbo linakuwa jeusi. Ikifika saa 5 asubuhi hewa juu ya lami imeshaanza kutetemeka, na katika picha mstari wa madirisha unajipinda kama uliochorwa na mkono wenye homa. Hakuna programu ya kompyuta inayonyoosha madirisha hayo. Mhakiki anaandika “mtetemo wa joto” na kufunga faili.

Dawa ya mtetemo ni kusogea karibu, au kupiga alfajiri. Kusogea karibu na uzio wa uwanja wa ndege hapa kwetu ni kumwita askari, na kamera yenye lenzi ndefu haieleweki kirahisi. Ndiyo maana paa la Upanga linabaki kuwa kimbilio, pamoja na tumbo jeusi la ndege.

Hasara ya picha kukataliwa haiko sawa kwa ndege zote. Dreamliner ya kwanza ya Air Tanzania, yenye usajili 5H-TCG, iliyowasili Julai 2018, ilikuwa imeshapigwa picha Marekani kabla ya kukanyaga Dar. Cessna Caravan zinazobeba abiria kwenda Zanzibar na Mafia haziendi Amsterdam wala Manchester. Picha ya hapa ikikataliwa, huenda isipatikane nyingine. Shirika la East African Airways, lililoanza 1946 na kuvunjika 1977, linajulikana leo kwa picha za Super VC10 zake zilizopigwa London. Ndege zake ndogo za safari za ndani hazikuwa na bahati hiyo.

Na kuna siku picha hizo huhitajika kwa uchungu. Tarehe 6 Novemba 2022, ATR 42 ya Precision Air, 5H-PWF, iliyotoka Dar es Salaam, ilianguka Ziwa Victoria karibu na Bukoba na watu 19 wakafariki. Ajali kama hiyo inapotokea, wahariri hutafuta picha ya ndege ikiwa nzima, na huanzia kwenye hifadhi hizi.

Hifadhi zenyewe hulegeza masharti kwa picha za kihistoria au adimu sana. Ulegezaji huo ufike kwa ndege ambayo hifadhi ina picha zake mbili au tatu tu, hata kama aina yake imejaa duniani. Picha iingie na dosari yake ikitajwa wazi, na iondolewe itakapopatikana bora. Wapatikane pia wahakiki wa Afrika Mashariki, watu wanaolijua jua hili.

Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Tanzania nayo ina sehemu yake. Jengo la tatu la abiria la Uwanja wa Julius Nyerere lilifunguliwa mwaka 2019, la kuhudumia abiria milioni 6 kwa mwaka. Kutenga sehemu moja ya wapigapicha yenye ulinzi, kwa kibali na kitambulisho, saa 12 hadi saa 3 asubuhi kabla lami haijapata moto, hakuhitaji jengo jipya.