Kabla ya Mtumba Mwingine, Tuanzie kwa Fundi

Ndugu zangu wa Nyambureti, na nyinyi wenzetu mliotoka huku mkaweka makazi Mwanza na Dar es Salaam, nina ombi kuhusu nguo tunazovaa. Karibu kila sanduku na kila kamba ya kuanikia katika kata yetu ina mtumba. Koti zito lililoshonwa kwa ajili ya theluji ya Kanada leo linamkinga upepo kijana wa bodaboda anayewahi abiria wa alfajiri kwenda Mugumu. Mchungaji analala nalo zizini. Hilo ni jambo jema na halina aibu yoyote, kwa sababu nguo iliyokwisha kushonwa haidai shamba jipya wala maji mapya. Inakadiriwa kwamba fulana moja ya pamba hula takriban lita 2,700 za maji, tangu mbegu inapoota hadi fulana inapokamilika. Na sisi wa mkoa wa Mara, ambao pamba tunaiona shambani, tunajua jasho lake: kupalilia, kupulizia dawa, kuchuma kitumba kimoja kimoja kwa vidole. Mtu anayejua hayo hapaswi kuitupa fulana kwa sababu ya kifungo kimoja.

Ninachoomba ni hiki: tununue nguo kwa nia ya kukaa nayo miaka, na ikichoka tuanzie kwa fundi kabla ya kurudi gulioni.

Kukaa nayo kunaanzia siku ya kuichagua. Wengi wetu tukipata safari ya Mwanza, kwa njia ya Bunda, Lamadi na Magu, tunapitia soko la Mlango Mmoja kabla ya kitu kingine. Pale kelele ni nyingi. Muuzaji amesimama juu ya meza anaita "jero jero, buku buku", mikono inagombania rundo, na mtu anatoka na mfuko uliojaa asivyovihitaji. Muuzaji naye tumwelewe. Amenunua belo la kilo 45 hivi likiwa limefungwa, hajui ndani kuna nini, na belo likimwangusha, mtaji wake umeondoka. Ndiyo maana anataka uchague upesi. Wewe usiharakishwe. Salimia, omba nafasi, inua nguo uelekeze kwenye mwanga wa jua. Kitambaa kilichochoka kitaonyesha vitundu vidogo kwenye makalio, magoti na kwapa. Geuza ndani uone mishono, na utazame pindo: suruali yenye pindo pana itamfuata mtoto anaporefuka, na gauni lenye akiba ya kitambaa ubavuni linaweza kupanuliwa. Vuta zipu mara mbili tatu. Kola iliyopauka kidogo si tatizo, fundi ataigeuza. Doa la kutu ni tatizo, kwa maana halitoki kwa urahisi.

Kitambaa chenyewe nacho kina namna ya kukijua. Muuzaji akikuruhusu, chomoa uzi mmoja kwenye mshono wa ndani uuchome kwa kiberiti. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua. Poliesta huyeyuka na kuganda kidonge kigumu cheusi, kwa kuwa imetokana na mafuta ya petroli, ndugu wa plastiki. Sisemi poliesta isinunuliwe kabisa. Koti la mvua halina budi. Lakini fulana ya kulimia na nguo ya mtoto mchanga, tafuta pamba.

Na mambo mawili ya usalama. Nguo za ndani za mitumba Shirika la Viwango, TBS, linazikataza, na linazikataza kwa ajili ya afya zetu. Pia jaketi lenye mabaka ya kijeshi, hata likiwa zuri na la bei ya kutupa, liacheni kwenye rundo. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi lilitoa siku saba kwa raia kusalimisha mavazi yanayofanana na sare zake, na kijana wetu asije akaingia matatani kwa sababu ya koti. Hizo nyingine zote, zifueni kwa maji ya moto na sabuni, zianikeni juani na kuzipiga pasi kabla mtoto hajavaa.

Wazee wetu wanaukumbuka uhaba wa mwanzoni mwa miaka ya 1980, shati likiwa kitu cha kupangia foleni, kabla serikali haijaanza kulegeza masharti ya uagizaji mwaka 1984. Wanakikumbuka pia kiwanda cha Mutex pale Musoma, kilichofuma vitambaa kwa pamba ya kanda hii kisha kikasimama. Ili kuinua viwanda kama hicho, mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba ifikapo 2019. Marekani ikatishia kuziondolea nchi hizo nafuu ya kuuza bila ushuru katika soko lake, na Tanzania, Kenya na Uganda zikalegeza msimamo. Rwanda iliyoshikilia iliadhibiwa mwaka 2018. Kwa hiyo mitumba ipo na itaendelea kuwapo kwa muda. Uamuzi tulio nao mikononi ni namna ya kuitunza.

Maana isipotunzwa inageuka taka. Kandokando ya Mto Nairobi, jirani na soko la Gikomba, matambara yasiyouzika yamerundikana hadi ukingoni. Maji ya wilaya yetu, yawe yamepitia Mto Mara au Grumeti, mwisho wake ni Ziwa Victoria. Matambara ya poliesta tunayoyatupa korongoni hayaozi, mvua inayasomba. Tukiyachoma, watoto wanavuta moshi wa plastiki. Nguo ya pamba iliyokwisha kabisa ina kazi bado: kitambaa cha kupigia deki, viraka, mto wa kukalia.

Hapa ndipo fundi cherehani anapohitajika, na tumemsahau. Anakaa barazani na mashine ya kukanyaga, anangoja msimu wa sare za shule mwezi Januari, kisha miezi inapita kavu. Tumpe kazi mwaka mzima. Suruali ya baba ipunguzwe iwe ya kaka, gauni lipanuliwe mama akiwa mjamzito. Naiomba serikali ya kijiji impatie fundi kivuli na nafasi siku ya gulio, karibu kabisa na wauza mitumba, mtu anunue na kurekebishiwa hapo hapo. Mafundi nao, hasa akina mama na vijana, waunde vikundi. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mashine ya ovaloki inaweza kununuliwa kwa fedha hizo, na pa kuanzia ni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata.

Kwenu mlio mjini, Desemba inapokaribia mnafungasha mifuko ya nguo mlizozichoka mkiwaletea ndugu. Moyo huo tunaushukuru. Lakini nguo iliyopasuka ikiletwa bila uzi wa kuishonea inakuwa mzigo kwa anayepokea. Mwaka huu punguzeni mfuko mmoja, na mahali pake leteni nyuzi nzuri, zipu, vifungo, mkanda wa cherehani, sindano za mashine. Kabla hamjaenda dukani mpigieni simu fundi wa nyumbani mumuulize mashine yake ni ya aina gani, na zipu za urefu gani zimemwishia.