Tusinyimane Maji Kaloleni

Mhariri,

Nakereka na sisi wakazi wa Kaloleni, mtaa huu wa Eastlands wa miaka ya 1940. Juzi mifereji ilikauka, na jirani mwenye tangi akamfukuza mtoto aliyebeba kamtungi ka lita tano. Eti akanunue kwa wachuuzi wa mkokoteni!

Marehemu mama yangu alikesha akijaza mapipa maji yakija usiku. Asubuhi alimgawia yeyote, hata jirani aliyenuniana naye, na hakukosa wa kununiana naye. Tukimnyima mtu, tulichapwa mbele ya huyo tuliyemnyima.

Wahusika wa maji, tupeni ratiba ya maji inayofuatwa. Nanyi wenzangu wa Eastlands, mbona tumekuwa hivi? Nijibuni kupitia ukurasa huu.

Mkazi wa Kaloleni,
Nairobi