Jasho la fundi wa mapambo ya nyumba lina haki yake



Wapenzi wasomaji wa ukurasa huu wa familia, kila Mwezi Mtukufu unapokaribia nyumba zetu huanza kubadilishwa sura. Mapazia hushushwa, foronya mpya hutafutwa, na vitambaa vya makochi hufuliwa ili wageni wa futari na wa Idi wapokewe kwa heshima. Wiki hii tumzungumzie mtu ambaye kazi yake huonekana katika kila sebule ilhali mwenyewe haonekani: mwanamke anayebuni na kushona vitambaa vya nyumbani, akiwa ndani ya nyumba yake.

Tumtazame akiwa Bigwa, kata ya Manispaa ya Morogoro iliyo chini ya milima ya Uluguru, inakoanzia barabara ya kwenda Matombo, Mvuha na Kisaki. Bigwa kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, kimojawapo cha vyuo vilivyoanzishwa nchini katika miaka ya 1970 kwa msaada wa Sweden, ili watu wa kawaida wapate stadi za mikono. Mji wenyewe haukuwa mgeni wa nguo. Katika enzi ya mashirika ya umma, Serikali ilijenga Morogoro viwanda vya viatu, vya turubai na vya nguo. Viwanda vingi vya enzi ile viliyumba na vingine vikafa, lakini cherehani za majumbani hazikunyamaza.

Tatizo ni kwamba kazi inayofanyika nyumbani huhesabiwa kuwa si kazi. Mwanamume akiketi na cherehani yake barazani mjini huitwa fundi, na hakuna anayeingia dukani kwake kumwambia aache kushona akapike. Mwanamke akishona sebuleni kwake huambiwa "anajishughulisha". Tofauti hii ya maneno huzaa tofauti ya malipo, na huko ndiko haki inakopotea.

Hesabu ya pazia moja

Tuchukue dirisha la sebule ambalo bomba lake la pazia lina urefu wa sentimita 220. Pazia lisilo na mikunjo huonekana kama shuka iliyoanikwa, kwa hiyo fundi huzidisha urefu wa bomba mara mbili, akapata 440. Kitambaa chenye upana wa sentimita 150 kitahitaji vipande vitatu. Kutoka kwenye bomba hadi sakafuni ni sentimita 230. Akiongeza 30 za pindo la juu na la chini, kila kipande kitakuwa 260. Vipande vitatu ni mita 7.8.

Hiyo ni hesabu ya kitambaa kisicho na maua. Mteja akichagua chenye ua kubwa linalojirudia kila baada ya sentimita 60, vipande vyote sharti vianze mahali pamoja pa ua, la sivyo maua yatapishana katikati ya dirisha. Kipande cha pili hakiwezi kukatwa kuanzia 260. Kitaanzia 300, na cha tatu kitaanzia 600. Sasa zinahitajika mita 8.6.

Tufanye, kwa mfano tu, kwamba mita moja ni shilingi 8,000, na kwamba ringi, uzi na nauli ya kwenda mjini na kurudi ni shilingi 9,600. Mteja ametoa shilingi 80,000 na kusisitiza kwamba wao ni ndugu. Kwa kitambaa kisicho na maua, gharama ni 72,000, na fundi anabaki na 8,000 kwa siku mbili za kupima, kununua, kukata, kushona, kupiga pasi na kwenda kutundika. Kwa kitambaa cha maua, gharama hupanda hadi 78,400. Fundi amebaki na shilingi 1,600. Umeme wa pasi haujahesabiwa. Mteja ataondoka akiamini kwamba amemwachia dada yake faida nzuri.

Anayetia rangi mwenyewe, yaani mtengenezaji wa batiki, ana mzigo mwingine. Huyeyusha nta, akaigonga kwa muhuri juu ya kitambaa cha pamba, akakitumbukiza katika rangi iliyochanganywa na kostiki soda na haidrosalfaiti, akakianika rangi ikomae, kisha akakichemsha ili nta itoke. Kostiki huunguza ngozi, kwa hiyo glavu ni lazima, na watoto hawapaswi kukaribia. Masika yakiingia, kati ya Machi na Mei, mawingu hutanda juu ya Uluguru na kitambaa hukawia kukauka. Maji machafu nayo yana amana yake. Hayafai kumwagwa mtoni, maana mito ya upande huu huingia Ngerengere, nao Ngerengere huingia Ruvu, ambao maji yake hunywewa hadi Dar es Salaam.

Yote hayo yana muda na gharama, na hayaonekani kwa anayeshika kitambaa kilichokwisha kupigwa pasi. Ndiyo maana tunamnasihi kila fundi aandike daftari: alinunua nini, alitumia saa ngapi, alilipwa kiasi gani. Asiyejua gharama yake hawezi kutetea bei yake.

Maua, picha na sala

Kazi ya ubunifu nayo ina elimu yake katika dini yetu. Imesimuliwa katika Sahihi mbili kwamba Bi Aisha (RA) alitundika pazia lenye picha, Mtume (S.A.W.) akachukizwa nalo, naye Bi Aisha hakulitupa, bali alilikata na kulifanya mito ya kuegemea. Katika tukio lile mama wa Waumini anaonekana akifanya kazi ileile ya fundi wa leo: kukata, kugeuza matumizi, kutopoteza kitambaa. Imesimuliwa pia kwamba Mtume (S.A.W.) alirudisha vazi lenye mapambo alilopewa na Abu Jahm, kwa kuwa mapambo yale yalimshughulisha katika sala.

Fundi Muislamu huzingatia hayo anapochora. Maua, majani, nyota na mistari inayofungamana humtosha, na kwa mswala hupunguza zaidi ili jicho la mwenye kusali litulie. Anapokataa kudarizi picha ya kiumbe kwenye pazia la mteja, si kwamba ameshindwa kazi.

Mapatano kabla ya mkasi

Ugomvi mwingi kati ya fundi na mteja huanzia kwenye mapatano ya juujuu: "Nishonee tu, tutaelewana." Fiqhi imeweka njia zilizo wazi. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu Afrika Mashariki, kuuza kitu ambacho bado hakijatengenezwa huingia katika mlango wa salam: sifa za bidhaa zijulikane, muda wa kuikabidhi ujulikane, na bei yote itolewe palepale. Wanazuoni wa Kihanafi wanakubali istisnaa, yaani agizo la kutengenezewa, bila sharti la kulipa yote mwanzo. Iko pia njia nyepesi isiyo na mvutano: mteja anunue kitambaa chake mwenyewe, na fundi alipwe ujira wa kushona uliotajwa mapema. Mwenye shaka amuulize sheikh wa msikiti wake kabla ya kukata kitambaa.

Kwa fundi wa nyumbani, njia hii ya mwisho ina faida nyingine. Fedha yake ndogo hailali katika kitambaa cha mtu aliyebadili nia, na ujira wake hujitokeza peke yake, haujifichi ndani ya bei ya mita. Mteja akiona kwamba analipia siku mbili za mtu, atapima maneno yake kabla ya kuomba apunguziwe.

Panapobaki deni, liandikwe. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an, inahusu kuandika madeni, na haikuwabagua ndugu wala jirani. Aidha, Suratul Mutaffifin inawaonya wanaojipimia kwa ukamilifu na kuwapunja wengine. Onyo hilo linamgusa fundi anayepunguza pindo ili abakize kitambaa. Linamgusa vilevile mteja anayepokea pazia kamili na kulipa nusu, akiahidi nusu nyingine "baada ya Idi", Idi isiyotajwa ni ya mwaka gani. Tumefundishwa kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka; undugu hauongezi muda huo.

Mali yake ni yake

Ndani ya nyumba nako kuna la kusema. Suratun Nisaa, katika aya ya 32, imethibitisha kwamba mwanamke ana fungu lake katika alichokichuma. Matumizi ya nyumba ni wajibu wa mume, na cherehani ya mke haikumwondolea wajibu huo. Zaynab, mke wa Abdullah bin Mas'ud (RA), alitaka kujua iwapo kumsaidia mumewe na mayatima waliokuwa chini yake kungehesabiwa sadaka. Jibu la Mtume (S.A.W.) lilikuwa kwamba ana malipo mawili: ya ukaribu na ya sadaka. Ingekuwa mali ile ni ya mume tangu mwanzo, lisingekuwapo swali wala sadaka. Naye Zaynab bint Jahsh (RA), mke wa Mtume, alikuwa hodari wa kazi za mkono, akichakata na kushona ngozi, na pato lake akilitoa kwa maskini.

Kwa watu wa Uluguru jambo hili halipaswi kuwa geni. Ukoo wa Waluguru hufuata upande wa mama, na mwanamke mwenye shamba lake hakuwa kioja milimani. Mwenye cherehani yake asiwe kioja bondeni. Mume mwema humsaidia mkewe kwa jambo dogo lenye thamani kubwa: kumpa saa zisizokatizwa. Mtoto akichukuliwa kwa saa mbili alasiri, pazia la siku mbili huweza kumalizika kwa siku moja na nusu.

Mtaji usio na kamba

Tahadhari ya mwisho ni ya mtaji. Maagizo ya Ramadhani yakija kwa pamoja, fundi hutamani kununua kitambaa kingi, na hapo ndipo mikopo ya "kausha damu" inapobisha hodi. Pamoja na uharamu wa riba, hesabu yenyewe haisimami: faida ya shilingi 8,000 kwa siku mbili haiwezi kubeba rejesho la kila wiki. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mafundi watano au sita wa mtaa mmoja, wenye daftari zilizoandikwa vizuri, wanaweza kuungana na kwenda kuulizia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Wakipata au wasipate, wataweza kununua kitambaa kwa jora na kugawana, badala ya kila mmoja kulipa bei ya mita.

Basi, ndugu msomaji, kabla ya mwezi kuandama, tazama mapazia yaliyo nyumbani kwako na ujiulize kama aliyeyashona amelipwa akamaliziwa. Kama bado, deni hilo litangulie futari.

Allah (SW) azibariki mikono inayochuma halali, na atujaalie tuwe wenye kutimiza mapatano. Wabillahi tawfiq.