Usinunue Legacy kwa Maneno

Kampala kuna magari machache yanayosemwa sana kama Subaru Legacy, hasa ile ya milango minne iitwayo B4. Anayeiuza huimba sifa zake, na anayeikataa hurudia alichosikia kwa shemeji. Shuka kutoka Nakasero Road kwenda Kisekka, soko la vipuri lililobeba jina la waziri mkuu wa zamani Samson Kisekka, nawe utayasikia maneno yote hayo kwenye kibaraza kimoja. Nayajibu hapa kwa sababu watu wanatoa akiba ya miaka kwa kuyaamini, na nimechoka kuona gari zuri likilaumiwa kwa makosa ya aliyelinunua bila kulitazama.

«Legacy ni gari la rali.» Ilikuwa hivyo, zamani. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1989, na Januari ya mwaka huo Legacy zenye tabo ziliendeshwa usiku na mchana kwenye uwanja wa majaribio huko Arizona hadi zikatimiza kilometa 100,000 kwa wastani wa kilometa 223 kwa saa. Mwaka 1990 Mkenya Jim Heather-Hayes aliimaliza Safari Rally na Legacy akiwa kinara wa kundi N, lile la magari yanayokaribiana na ya dukani. Mwaka 1993 Colin McRae alishinda nalo New Zealand, ushindi wa kwanza wa Subaru katika ubingwa wa dunia. Mwaka huohuo kazi ya rali ikakabidhiwa Impreza, gari dogo na jepesi zaidi, na Legacy ikarudi kubeba familia. Zaidi ya hapo, gari la rali hufunguliwa na kufungwa upya baada ya kila mashindano. Hilo unaloonyeshwa huenda limekaa miaka mingi bila mtu kukumbuka hata oili ya difu. Ushindi wa 1993 hauongezi hata siku moja kwenye uhai wa beringi zake.

«Subaru isiyonguruma si Subaru.» Dai hili linaua magari mengi. Ule mngurumo wa kugugumia ulitokana na mabomba ya ekzosi yenye urefu usiolingana: moshi wa silinda za upande mmoja ulifika kwenye tabo kwa nafasi tofauti na wa upande wa pili. Katika kizazi cha nne, kilichotoka 2003 na kutangazwa Gari Bora la Mwaka nchini Japani, wahandisi walisawazisha mabomba hayo ili tabo isukumwe vizuri zaidi. Sauti ikatulia, na gari likawa bora. Hiki ndicho kizazi kilichopunguzwa takriban kilo 100, kikawekewa boneti ya aluminiamu, na kuachana na mpangilio wa tabo mbili wa vizazi viwili vilivyotangulia, ambapo tabo ya kwanza ilichoka kabla ya pili kushika na dereva akahisi nguvu imekatika katikati ya kuovateki. Kwa hiyo ukikutana na B4 ya 2005 inayonguruma kama Legacy ya 1996, usifurahi. Ama mabomba yamebadilishwa, ama ekzosi imekatwa, ama imetoboka. Na aliyekata ekzosi ili asikike Kampala Road usiku, fikiria alivyokuwa akiendesha.

Kisha dalali atakuambia: «Boss, hii imeshuka kutoka Japani juzi tu.» Jibu lake lipo kwenye sheria. Marekebisho ya Sheria ya Usalama Barabarani ya Uganda ya mwaka 2018 yalizuia kuingiza magari ya abiria yaliyofikisha miaka 15 tangu yatengenezwe. Kizazi cha nne cha B4 kiliacha kutengenezwa 2009, kizazi cha tano kilipoanza. Piga hesabu: hakuna B4 ya kizazi cha nne inayoweza kushuka leo Mombasa ikaja Kampala kihalali kama gari la kawaida. Kila moja unayoonyeshwa tayari imekula miaka ya mashimo, vumbi na foleni za hapa. Tazama namba ya chesisi. Ikianza na BL5 ni kizazi cha nne, haidhuru muuzaji ataapa nini. BM9 ni kizazi cha tano, na BN9 ni cha sita. Hizo za baadaye ndizo zinazoweza kuwa zimeingia karibuni, na zikiwa zimeingia, zilikaguliwa kabla ya kusafirishwa, kwa hiyo omba cheti cha ukaguzi na karatasi ya mnada. Namba ya kilometa iliyoandikwa humo uilinganishe na ya dashibodi. Kama muuzaji hana karatasi yoyote, zile «kilometa 60,000» hazina ushahidi, na wewe huna sababu ya kuzilipia.

Sasa tufike kwenye dai kubwa, lile linalotisha watu kuliko yote: «Injini ya kulala haikai, gasketi lazima iungue.»

Humu kuna ukweli, lakini umetandazwa juu ya injini zisizohusika. Injini ya Subaru ina silinda nne zilizolala, mbili kila upande, kwa hiyo hedi ni mbili na gasketi za hedi ni mbili. Ugonjwa wa gasketi uliojulikana duniani kote ni hasa wa injini za lita 2.5 zisizo na tabo, za miaka ya mwisho ya tisini hadi mwishoni mwa miaka ya 2000. B4 nyingi za soko la Japani zina injini ya lita 2.0, EJ20, na hiyo haina sifa hiyo mbaya. Kizazi cha tano kikaja kubadilishiwa injini za lita 2.5 kuanzia 2012, zikawekwa familia mpya iitwayo FB, yenye cheni badala ya mkanda wa taimingi. Kwa hiyo swali la kwanza ni injini gani, mwaka gani.

Swali la pili ndilo linalouma: nani aliyeigusa? Injini ya EJ20 huharibiwa hapa kwetu kwa mazoea. Gari linapanda joto, fundi anatoa thamosteti na kuitupa, anajaza maji ya bomba, kazi imekwisha. Kwenye injini hii thamosteti imekaa chini, kwenye njia ya maji yanayorudi kutoka redieta, na ndiyo inayotawala maji yanavyochanganyika. Ukiitoa, injini huzunguka na joto lisilotulia. Maji ya bomba huleta kutu ndani ya alumini. Hewa iliyobaki kwenye mfumo kwa sababu hakuna aliyejaza taratibu hukusanyika juu, maji hayafiki panapotakiwa, na hedi inapinda. Halafu tunasema injini ya kulala haikai. Kile kinachoitwa ugonjwa wa Subaru mara nyingi ni ugonjwa wa gereji.

Kupima si kazi ngumu. Gari likiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha tangi dogo la maji. Maji yawe na rangi ya kulantii, kijani au buluu, yasiwe na utando wa oili wala harufu ya moshi. Liwashe, kisha liendeshe kutoka chini Kisekka hadi juu kabisa Nakasero, ambako mwinuko hauna huruma kwa injini yenye siri. Ukifika juu usizime. Washa AC, liache likiunguruma pale kwa robo saa, macho yakiwa kwenye mshale wa joto na kwenye lile tangi dogo. Mapovu yanayopanda bila kukoma maana yake moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Hapo mazungumzo ya bei yameisha.

Mkanda wa taimingi nao una dai lake: «Haujalia bado, usiuguse.» Mkanda haulii kabla ya kukatika. Kwenye EJ20 ukikatika, pistoni hukutana na valvu na valvu hupinda. Unabadilishwa karibu na kila kilometa 100,000, pamoja na puli zake na ikiwezekana pampu ya maji inayozungushwa nao. Kama hakuna risiti wala kibandiko cha tarehe, hesabu kwamba haujabadilishwa na uikate gharama hiyo kwenye bei.

«Inakunywa mafuta.» Baadhi yake, ndiyo. Gari linalosukuma magurudumu manne wakati wote haliwezi kula kama Vitz, na lenye tabo likikanyagwa kutoka taa hadi taa litadai chake. Lakini 2.0i isiyo na tabo na GT ni magari mawili tofauti, na watu huyapa hukumu moja. GT, na hata 2.0R, zilitengenezwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani. Ukiziwekea ya kawaida, kompyuta huchelewesha cheche ili kuilinda injini, nguvu hupungua, na mguu wako huongeza kukanyaga. 2.0i inaridhika na petroli ya kawaida. Kisha rudi kwa yule fundi wa thamosteti: injini isiyofikia joto lake hudhani bado ni asubuhi, kompyuta ikaendelea kumwaga mafuta ya ziada siku nzima. Ukiongeza breki zinazoshika na sensa ya oksijeni iliyokufa, umepata «Subaru inayokunywa».

Nitakaa zaidi kwenye dai lifuatalo, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi zinapotelea kimyakimya: «Magurudumu manne yanasukuma, hata matairi yakitofautiana halidhuriki.»

Ukweli ni kinyume chake. Kwa kuwa mbele na nyuma vimeunganishwa, magurudumu yote manne lazima yazunguke sawa. Tairi jipya lina mzunguko mkubwa kuliko lililoisha, kwa hiyo huzunguka mara chache zaidi kwa kila kilometa. Tofauti hiyo haina pa kwenda isipokuwa kwenye kifaa cha katikati ya giaboksi, sahani za klachi kwenye otomatiki au difu ya katikati kwenye manyuo, ambacho hulazimika kuteleza safari nzima hadi kiungue. Subaru inataka mizunguko ya matairi isitofautiane zaidi ya milimita 6 hivi. Nasi tunanunua tairi moja moja la mtumba, pancha ikitulazimisha, aina yoyote inayoingia kwenye rimu. Chukua futi kamba ya fundi cherehani, zungushia kila tairi, andika namba nne. Kisha tafuta eneo tambarare la kuegesha, gari likiwa limepata moto, kata usukani hadi mwisho na uzunguke polepole sana. Likisita na kurukaruka kama limeshikwa breki, kifaa cha katikati kimekufa au kinakufa.

Hapo ndipo Kisekka inapoingia, na hapo ndipo dai la «spea za Subaru hazipatikani» linapoanguka. Zinapatikana tele, kwa sababu Legacy, Impreza na Forester zinashirikiana sana injini na giaboksi. Hatari iko kwenye wingi huo. Giaboksi ya Forester itafunga kwenye Legacy, bolti zitaingia, gari litatembea, fundi atalipwa. Lakini uwiano wa difu ya mwisho unaweza kuwa 4.111 kwenye moja na 4.444 kwenye nyingine. Mbele ikiwa na uwiano mmoja na nyuma mwingine, ncha mbili za gari zinavutana kwa tofauti ya karibu asilimia 8 kila mita inayokwenda, na giaboksi uliyoinunua jana inaanza kujitafuna. Kwenye kibao cha bati ndani ya boneti kuna msimbo wa giaboksi ya asili. Ulinganishe na ule ulioandikwa kwenye giaboksi yenyewe. Isipolingana, muulize muuzaji kama difu ya nyuma ilibadilishwa pamoja nayo, na usiridhike na jibu la mdomo.

Wapo pia wazee wa Subaru wanaosema Legacy ilikufa 2009, na kwamba baada ya hapo ni basi. Nawaelewa, lakini wametia chumvi. Kizazi cha tano kilipanuka: chesisi ilirefushwa kutoka milimita 2,670 hadi 2,750 kati ya ekseli, kwa sababu soko la Marekani lilitaka nafasi ya magoti. Hata hivyo kizazi hichohicho, mwaka 2012, kilipata 2.0 GT DIT yenye nguvu ya farasi 300, nyingi kuliko za B4 yoyote ya GT iliyotangulia. Pale wanaposema kweli ni kizazi cha sita cha 2014: kwa Japani kilikuja na lita 2.5 tu, bila tabo, na giaboksi ya CVT. Ni gari tulivu, salama, la kwenda Mbarara na watoto. Anayetaka msisimko asilinunue, na anayelinunua asilidai.

Dai la mwisho ni jipya: «Hazitengenezwi tena, lipa leo kabla hazijapanda bei.» Ni kweli B4 ilikoma kuuzwa Japani 2020, na Marekani ikafungwa na toleo la 2025. Lakini kukoma huko hakufungi gasketi iliyovuja. Kwa B4 yoyote unayoipenda, omba ulione gari saa moja asubuhi, na ufike wewe kwanza, na fundi wako, kabla halijawashwa. Gusa boneti. Ikiwa tayari ina joto, mwambie muuzaji kwa upole kwamba utarudi kesho, na mwambie saa.