Kifuta machozi kisisubiri ng'ombe afe

Mfugaji aliyeliwa ng'ombe wake na simba ana pa kwenda. Kanuni za wanyamapori za 2011 zinampa kifuta jasho. Si fidia kamili, lakini ni haki iliyoandikwa. Ng'ombe huyohuyo akifa kwa ukame, au akibaki hai huku mnada umefungwa kwa karantini, mwenye mali hana fomu ya kujaza. Anabaki kungoja huruma ya viongozi.

Huruma hiyo huchelewa. Ukame wa 2008 na 2009 ulifagia mazizi ya Longido, Monduli na Ngorongoro. Serikali ya Rais Kikwete iliahidi kuwapa ng'ombe wafugaji waliopoteza mifugo yote, ikawapa kweli, ila baada ya miaka kadhaa. Mwanzoni mwa 2022, Simanjiro peke yake ilipoteza mifugo zaidi ya 62,000.

Huku kwetu Songwe kilio kikubwa ni karantini. Tunduma imepakana na Nakonde ya Zambia, na homa ya mapafu ya ng'ombe husafiri na ng'ombe popote wanakopita. Kufunga minada ugonjwa unapozuka ni sahihi kabisa. Lakini mtazame mfugaji wa Kamsamba, bonde la Rukwa, aliyetenga dume mmoja kwa ajili ya ada ya mtoto. Anaambiwa vibali vya kusafirisha mifugo vimesitishwa. Dume yuko zizini, mzima, anacheua, ada haipo. Usiku anakuja mchuuzi na bei ya kutupa. Kabla hakujakucha dume ameshapita njia ya panya, na karantini imebaki ya kwenye karatasi.

Ndiyo maana nasema malipo ya dharura yatolewe wakati mnada umefungwa, na yatolewe kwa fedha taslimu. Hiyo ndiyo gharama ya kumfanya mfugaji atii. Botswana ilielewa hivyo: homa hiyo ilipoingia Ngamiland mwaka 1995, serikali iliua ng'ombe wapatao 320,000, ikawafidia wenye mifugo, na ugonjwa ukatokomezwa. Kenya nayo, kupitia mpango wake wa fedha kwa kaya za Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, huongeza malipo pale picha za setilaiti zinapoonyesha malisho yamekauka. Hawasubiri mizoga.

Wapo wanaouliza kwa nini mlipa kodi ambebe mwenye ng'ombe mia tano. Swali ni la haki, na jibu lake ni ukomo: walipwe kwa ng'ombe wachache wa kwanza tu, ili fedha imfikie mwenye zizi dogo. Lakini tusisahau kwamba mkulima wa mahindi wa Mbozi anapata mbolea ya ruzuku tangu msimu wa 2022/23, kwa kuwa amesajiliwa na anajulikana. Mfugaji naye anaweza kujulikana. Kampeni ya chanjo na utambuzi wa mifugo iliyozinduliwa Bariadi Juni 2025 inamvalisha ng'ombe hereni yenye namba. Wafugaji wengi waliiogopa hereni wakidhani ni mtego wa kodi. Siku itakapowaletea malipo ya karantini, wataipigania wenyewe.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 ipo. Wabunge wa Songwe, ombeni kanuni moja chini yake: mnada ukifungwa kwa amri ya serikali, malipo yaanze mwezi huohuo.