Si Uvivu: Mwenye Kisukari Anahitaji Mazoezi na Mtu wa Kuongea Naye

Ndugu mkulima na mfanyabiashara, leo tuweke pembeni mbolea na viuatilifu, tuzungumzie afya ya mwenye shamba.

Nilikuwa na mkulima mmoja wa kabichi huku Mgeta. Msimu mzima shamba lake lilisongwa na magugu, na mafunzo hakuja. Nikamhesabu mvivu. Kumbe ana kisukari na amekata tamaa: usiku halali, dawa anaruka siku. Nilikosea. Ile ilikuwa sonona, ingawa wengi wetu tunasema tu "ana mawazo".

Magonjwa haya yanabebana. Sonona inakuondolea nguvu ya kutembea, kupika chakula kinachofaa na kukumbuka dawa. Sukari inapanda, mwili unachoka, moyo unazidi kuvunjika.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2019 ulifuatilia watu 140 wenye kisukari na sonona. Walioongea na mshauri, waliofanya mazoezi na waliofanya yote mawili walipata nafuu ya sonona kuliko waliobaki na huduma ya kawaida. Kwa waliokuwa na sukari ya juu, kuunganisha yote mawili kuliishusha.

Utasema, "Nalima mlimani, mazoezi gani tena?" Kweli, jembe ni mazoezi. Lakini mwenye sonona ndiye aliyeacha kwenda shamba, na mwenye duka anakaa kutwa, jioni anapanda bodaboda hadi mlangoni.

Washauri vijijini ni wachache. Harare, Zimbabwe, Dk. Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na akina bibi 14 waliofundishwa kuwasikiliza wagonjwa kwenye benchi. Maoni yangu: nasi tuanzie kwenye VICOBA. Mwombeni mhudumu wa afya awafundishe kusikiliza, kisha pangeni wawili wawili, mtembee na kuongea nusu saa. Siku tano kwa wiki zinatimiza dakika 150 zinazoshauriwa na Shirika la Afya Duniani.

Ila zingatia haya:

- Usiache dawa. Kabla ya kuanza, muulize mtaalamu wa kliniki.
- Vaa viatu vya kufunika, kagua miguu kila jioni.
- Ukitumia insulini, beba pipi.
- Anayesema amechoka kuishi, usimwache peke yake. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.

Jirani ambaye shamba lake limeota magugu, mpitie kesho. Magugu yaache kwanza. Muulize yeye anaendeleaje.