Leta Haina Dini: Madai Manne, Majibu Manne

Kila siasa inapochemka, mabishano ya dini na Leta yanarudi Kenya, Katuba na kila mtaa wa Lubumbashi. Madai ni yale yale manne. Tuyapime.

"Dini ni ya mkoloni, haiwezi kusimama na mapinduzi."
Mkoloni mwenyewe hakuamini hivyo. Simon Kimbangu alihubiri miezi michache tu mwaka 1921. Wabelgiji wakamhukumu kifo, kisha adhabu ikageuzwa kifungo cha maisha, akaletwa hapa Elisabethville, mbali na watu wake. Alifia kifungoni tarehe 12 Oktoba 1951, baada ya miaka 30. Mtumishi wa mkoloni hafungwi hivyo.

"Basi kanisa limekuwa na wanyonge siku zote."
Hapana. Katika mji huu huu, miaka hiyo hiyo ya Kimbangu gerezani, Askofu Jean-Félix de Hemptinne alijulikana kwa kushikamana na serikali ya kikoloni na kampuni ya migodi ya Union Minière.

"Mobutu aliitenga dini na Leta."
Hakuitenga, alitaka kukalia kiti chake. Mwaka 1972 alipiga marufuku majina ya Kikristo, akataka vijana wa chama, JMPR, waingie hata seminari. Mwaka 1974 Noeli ikafutwa katika sikukuu za taifa. Mwisho wa mwaka shule za makanisa zikataifishwa, na somo la dini likapisha mafundisho ya chama. Leta isiyo na dini haina nabii. Ya Mobutu ilikuwa naye: Mobutu mwenyewe. Mwaka 1977 shule zikarudishwa mikononi mwa makanisa.

"Katiba inasema Leta haina dini, basi mapadri wanyamaze."
Ibara ya 1 ya Katiba ya 2006 inaifunga Leta, haimfungi muumini mdomo. Ibara ya 22 inalinda imani yake. Wakristo walioandamana Kinshasa tarehe 16 Februari 1992, wakapigwa risasi na askari, hawakudai Leta ya Kikatoliki. Walidai Konferansi ya Taifa, mkutano wa kujadili mustakabali wa nchi, ifunguliwe tena, na humo hata asiyesali alikuwa na nafasi yake. Ikafunguliwa Aprili.

Lakini dai hili lina punje ya ukweli. Konferansi ilipokwisha, mwenyekiti wake, Askofu Mkuu Monsengwo, alibaki kuongoza bunge la mpito. Padri kuisema Leta ni haki yake. Kuikalia meza yake ni jambo jingine.